Wema wa Miungu wa Wayunani

Msomaji, watu wengi wakisikia kwamba mungu fulani huingia katika mambo ya wanadamu na kuwasaidia, humwita mwema papo hapo, wala hawaoni haja ya kuuliza zaidi. Akiponya wagonjwa, ni mwema. Akileta mvua, ni mwema. Akimwokoa shujaa vitani, ni mwema. Lakini vita vina pande mbili. Yule shujaa aliyeokolewa alikuwa akipigana na mtu, na mtu huyo naye alikuwa na mama nyumbani aliyekuwa akiomba. Mama huyo atamwitaje mungu yule?

Si kusudi langu kubishana juu ya dini ya mtu yeyote kati yetu. Nataka tulitazame swali hili katika historia ya watu mmoja wa kale, Wagiriki, ambao Biblia ya Kiswahili huwaita Wayunani. Nimewachagua hao kwa kuwa walilishughulikia kwa muda wa karne tano, na kwa kuwa hawakuona haya kuwashtaki miungu wao hadharani: katika tenzi, katika michezo ya kuigiza, na hata katika vitabu vya historia ya vita vyao wenyewe.

Yafaa kwanza ujue miungu hao walikuwa wa namna gani. Walikuwa wengi, nao walikaa juu ya mlima Olympus, wakiwa jamaa moja yenye baba, mke, ndugu na watoto, na ugomvi wote unaopatikana katika jamaa kubwa. Hawakuuumba ulimwengu, wao wenyewe walizaliwa ndani yake. Walipita wanadamu kwa mambo mawili, nguvu na kutokufa. Hapo mwanzo Myunani alipomsifu mungu wake hakuanza na wema, alianza na uwezo. Alichinja ng'ombe, akateketeza mapaja yake juu ya madhabahu, naye akatazamia kulipwa. Katika sala zake alimkumbusha mungu hesabu ya zamani: ikiwa niliwahi kukuezekea hekalu, ikiwa niliwahi kukutolea mbuzi, basi leo nisikilize. Ulikuwa uhusiano wa kupeana, kama ule wa mkubwa na wafuasi wake. Mtu hamwulizi mkubwa wa namna hiyo kama ni mwema; huuliza kama yuko upande wake.

Utenzi wa Homer uitwao Iliad, ambao kwa kawaida hudhaniwa kuwa wa karne ya nane kabla ya Kristo (K.K.), ndio uliowafundisha Wayunani kuwajua miungu wao. Una mishororo zaidi ya 15,000, nao husimulia siku chache tu za vita vya Troy, mji ambao magofu yake yako katika nchi ya Uturuki hata leo. Mfalme Agamemnon amemchukua mateka binti wa kuhani wa Apollo. Baba anakuja na fidia, naye anafukuzwa kwa maneno makali. Kuhani anamlilia mungu wake, na Apollo anashuka akiwa na upinde wake, akaketi mbali na majahazi, akaanza kupiga. Walikufa kwanza nyumbu na mbwa, kisha watu. Kwa siku tisa mishale ya tauni ikaanguka kambini, na moto wa kuchomea maiti haukuzimika. Je, kuhani alitendewa haki? Alitendewa. Lakini angalia ni nani aliyekosa na ni nani aliyekufa. Agamemnon hakuugua hata siku moja. Waliougua ni askari, tena Homer anasema waziwazi kwamba askari hao walikuwa wamepiga kelele wakitaka kuhani aheshimiwe na fidia yake ipokewe.

Tukiendelea mbele tunafika penye jambo ambalo, kwa maoni yangu, ndilo kiini cha shauri lote. Majeshi yamechoka na vita. Yanakubaliana kwamba Menelaus, mume aliyenyang'anywa mkewe, apigane peke yake na Paris, mwana wa mfalme wa Troy aliyemchukua mwanamke huyo. Atakayeshinda amtwae mwanamke, na wengine wote warudi makwao. Wanachinja kondoo na kula kiapo. Menelaus anashinda, amemshika Paris kwa chapeo na kumburura. Ndipo mungu wa kike Aphrodite, ampendaye Paris, anaukata ukanda wa chapeo, anamfunika kijana kwa ukungu, na kumweka salama chumbani mwake, mwenye harufu ya manukato. Paris bila shaka alimwona Aphrodite kuwa mwema. Maelfu ya watu uwanjani, ambao wangalikwenda makwao jioni ile, hawakuulizwa.

Hata hivyo amani ilikuwa bado yawezekana, maana aliyeshinda alijulikana. Juu ya Olympus, Zeus anawaza kwamba vita viishe na mji wa Troy usalie. Anasema kwamba katika miji yote ya wanadamu hakuna aliouheshimu kama huo, kwa kuwa madhabahu yake haikukosa sadaka kamwe. Mkewe Hera anakasirika. Anauchukia mji huo, naye hataki jasho lake lipotee bure. Basi wanapatana. Zeus atamwachia Hera auangamize mji aupendao yeye Zeus. Na siku Zeus atakapotaka kuangamiza miji aipendayo Hera, yaani Argos, Sparta na Mycenae, Hera hatamzuia.

Soma tena mapatano hayo, msomaji. Watu wa Troy walikuwa wametoa kila walichodaiwa. Watu wa Argos, Sparta na Mycenae walikuwa wakati ule ule wakipigana kwa ajili ya Hera, wakidhani kwamba yeye ni mlinzi wao. Wote wamekwisha kuuzwa, na mauzo yamefanywa ili mume na mke wasigombane mezani. Wayunani waliousikiliza utenzi huu katika karne ya nane walijua kwamba jumba kubwa la wafalme wa Mycenae lilikuwa gofu tangu karne nne zilizopita. Nadhani walielewa maana yake.

Kazi ya kuivunja amani alipewa Athena. Alishuka akiwa na umbo la askari wa Troy, akamwendea mpiga upinde mmoja, Pandarus, akamshawishi ampige Menelaus mshale ili apate sifa na zawadi. Mtu huyo mpumbavu akakubali, akaachia mshale. Ndipo Athena yule yule akasimama mbele ya Menelaus na kuupangusa mshale kando, mfano wa mama amfukuziaye inzi mtoto wake aliyelala, hata ukamkwaruza ngozi tu. Damu kidogo ikatoka, nayo ilitosha: kiapo kimevunjwa, na waliokivunja ni watu wa Troy. Vita vikaanza upya. Siku hiyo hiyo Pandarus aliuawa kwa mkuki wa Diomedes, na aliyeuongoza mkuki huo hata ukampiga penye pua, karibu na jicho, ni Athena.

Basi tumwulize kila mtu peke yake. Menelaus atasema, Athena ameniokoa. Diomedes atasema, Athena amenipa shabaha. Wote wawili wanasema kweli. Lakini yeye aliyeukinga mshale ndiye aliyeurusha kwa mkono wa mwingine, na yeye aliyemwadhibu mvunja kiapo ndiye aliyemshawishi akivunje. Wema wa namna hii hudumu muda mtu asimamapo mahali pamoja tu. Akipiga hatua mbili kando, autazame uwanja wote, wema umetoweka.

Nimewasikia wanafunzi wa chuo cha ualimu wakicheka wasomapo habari hizi, hasa wanapofika mahali ambapo miungu wote wamefuatana na Zeus kwenda karamuni kwa Waethiopia, kwenye ncha ya dunia, nao hawatarudi mpaka siku ya kumi na mbili, na mama yake Achilles, mwenye shauri la kupeleka kwa Zeus, hana budi kungoja. Kicheko hicho ni halali, maana Homer mwenyewe aliwachekesha wasikilizaji wake kwa miungu. Ila asome mtu kifo cha Hector baada ya kucheka. Hector, mlinzi wa Troy, anamkimbia Achilles mara tatu kuuzunguka mji. Ndipo anamwona ndugu yake Deiphobus amekuja kusimama naye. Anapata moyo, anageuka kupigana. Anatupa mkuki wake, unarudishwa na ngao, anamwita ndugu yake ampe mwingine, hakuna mtu. Alikuwa Athena. Hapo Hector anajua kwamba amekufa. Nguvu ya Achilles ingaliweza kumwua mtu huyu bila hila. Mungu aliongeza udanganyifu mahali ambapo haukuhitajiwa, naye aliuchagua upendo wa ndugu kwa ndugu uwe mtego wake.

Yako majibu ya kuwatetea miungu, na haki yataka yasikilizwe. Katika utenzi mwingine wa Homer, Odyssey, Zeus mwenyewe analalamika kwamba wanadamu husingizia miungu kwa kila ovu, hali ujinga wao wenyewe huwaongezea taabu. Anatoa mfano wa Aegisthus, aliyeonywa na mjumbe wa miungu asimwue Agamemnon wala asimwoe mkewe, naye akatenda yote mawili. Tena mshairi Hesiod, mkulima wa kijiji cha Ascra, ambaye nduguye alimdhulumu urithi kwa msaada wa waamuzi wala rushwa, aliamini kwamba Zeus ana walinzi 30,000 wasioonekana, wanaotembea duniani wakiangalia hukumu zisizo za haki. Mtu aliyedhulumiwa na hana wa kumtetea huhitaji mno imani hiyo, wala mimi simcheki. Lakini Hesiod huyo huyo anasema kwamba mara nyingi mji mzima hupata njaa na tauni kwa kosa la mtu mmoja mbaya. Tumerudi kambini kwa Agamemnon.

Mtu wa kwanza tumjuaye aliyekataa waziwazi alikuwa Xenophanes wa Colophon, aliyezaliwa yapata mwaka 570 K.K., akatangatanga katika miji ya Wayunani akiwa mshairi. Alisema kwamba Homer na Hesiod wamewapa miungu kila jambo ambalo kwa wanadamu ni aibu: wizi, uzinzi na udanganyifu. Aliona pia kwamba kila watu huchora miungu wanaofanana na wao wenyewe. Waethiopia huwafanya weusi, Wathrakia huwapa macho ya buluu, na ng'ombe wangalikuwa na mikono wangalichora miungu wenye pembe. Yeye alifundisha kwamba yuko mungu mmoja mkuu, asiyefanana na mwanadamu kwa mwili wala kwa akili, naye huviendesha vitu vyote kwa fikira tu, maana haipasi mungu kukimbia huku na huku. Tazama alivyokuwa na ujasiri. Kwa maneno machache alimwondoa Aphrodite na ukungu wake, na Athena na hila zake.

Maneno ya mshairi mmoja, hata hivyo, hayabadilishi watu. Kilicholifanya swali lisikwepeke ni vita na ugonjwa.

Mwaka 431 K.K. miji miwili mikubwa, Athens na Sparta, ilianza vita. Kabla ya kuanza, Wasparta walipeleka watu Delphi, penye hekalu la Apollo, kumwuliza mungu kama wapigane. Walijibiwa kwamba wakipigana kwa nguvu zao zote watashinda, na mungu mwenyewe atawasaidia, aitwe asiitwe. Mwaka uliofuata tauni iliingia Athens, wakati watu wa mashamba walikuwa wamesongamana ndani ya kuta kwa kumwogopa adui. Mwandishi wa historia Thucydides, ambaye mwenyewe aliugua akapona, ameandika kwamba watu waliomba mahekaluni, wakauliza waaguzi, hata mwishowe wakaacha, maana hapakuwa na faida yoyote. Maiti zililala ndani ya mahekalu yenyewe. Ameandika pia jambo ambalo mimi siwezi kulisoma upesi: waliokufa zaidi ni wale waliokuwa na utu, walioona aibu kujihurumia nafsi zao, wakaenda kuwauguza rafiki. Watu waliona kwamba wamchao mungu na wasiomcha hufa sawasawa. Na waliojua jibu la Delphi walilikumbuka, kwa sababu nchi ya Wasparta ugonjwa haukuigusa kwa kiasi cha kutajwa.

Katika miaka ya 1994 na 1995, watu walipokuwa wakichimba njia ya reli ya chini ya ardhi mjini Athens, walikuta shimo la maziko ya haraka la wakati huo, lenye wafu wapatao 150 waliotupwa pasipo utaratibu. Mmoja wao alikuwa msichana mwenye umri wa miaka 11 hivi. Wataalamu waliutengeneza upya uso wake kwa kulifuata fuvu, wakampa jina la Myrtis. Ikiwa Apollo aliwasaidia Wasparta kama alivyoahidi, basi msichana huyu ni sehemu ya msaada huo.

Sisemi kwamba Apollo alileta tauni. Wala Thucydides hasemi. Nasema kwamba mtu wa Athens aliyeamini kuwa miungu huingia katika mambo ya wanadamu alipaswa kuchagua jibu moja kati ya haya: kwamba mungu amewaua watoto ili upande mwingine ushinde, au kwamba aliweza kuzuia asizuie, au kwamba hakuwa na habari. Hakuna hata moja kati ya hayo limpalo mtu furaha ya kwenda na mbuzi madhabahuni.

Miaka miwili baada ya tauni kuingia, mwaka 428 K.K., Euripides alionyesha mchezo wake wa Hippolytus mbele ya watu hao hao. Kijana Hippolytus anampenda Artemis, mungu wa kike wa mawindo, naye anamdharau Aphrodite. Aphrodite anaamua kumwangamiza, na ili ampate anamtumia mama yake wa kambo, mwanamke asiye na hatia, ambaye mungu huyo anakiri kwamba hana budi afe. Mtumishi mzee anamsihi Aphrodite asimsikilize kijana mjinga, kwa kuwa miungu yapasa wawe na hekima kuliko wanadamu. Ombi hilo halipati jibu. Mwisho Artemis anamjia kijana akiwa anakata roho, anamweleza kwamba ni desturi ya miungu kutoingilia nia ya mwenzao, kwa hiyo hakuweza kumtetea. Lakini atalipa kisasi kwa kumwua mwanadamu mwingine, yule ampendaye Aphrodite. Kisha anaondoka, maana si halali kwa mungu kutazama kifo. Jukwaani anabaki baba na mwana. Mwana anamsamehe baba yake, ambaye kwa kudanganyika ndiye aliyemlaani. Katika mchezo wote huo waliosameheana ni wanadamu tu.

Vita viliendelea. Mwaka 416 K.K. jeshi la Athens lilikizunguka kisiwa kidogo cha Melos, likakitaka kijisalimishe. Katika mazungumzo ambayo Thucydides ameyatunga ili kuonyesha hoja za pande mbili, watu wa Melos wanasema wanawatumaini miungu, kwa kuwa wao ni wenye haki na adui zao ni wadhalimu. Watu wa Athens wanajibu kwamba hata wao hawatapungukiwa na kibali cha miungu, kwani miungu, kadiri wajuavyo, hutawala popote wawezapo, na wanadamu vivyo hivyo. Melos ilipoanguka, wanaume waliotiwa mikononi waliuawa, na wanawake na watoto wakauzwa utumwani. Kutoka kisiwa hicho hicho cha Melos alitokea Diagoras, ambaye Wayunani walimwita mtu asiye na mungu. Inasimuliwa kwamba rafiki yake alimwonyesha vibao vingi vilivyotundikwa hekaluni, vyenye picha za mabaharia walioweka nadhiri katika tufani wakaokoka, akamwuliza kama bado anadhani miungu hawajali wanadamu. Diagoras alisema kwamba wale waliozama hawakuchorwa popote.

Labda utasema kwamba watu wa Melos walikuwa wachache na dhaifu, na huenda miungu huwaangalia wakubwa wanaowaheshimu. Basi mtazame Nicias. Alikuwa jemadari wa Athens, tajiri, mwungwana, mwenye kutoa sadaka kuliko watu wote wa kizazi chake. Mwaka 413 K.K. alikuwa Sicily na jeshi kubwa lililokwisha kushindwa kuuteka mji wa Syracuse. Majahazi yalikuwa tayari kuondoka kwa siri. Usiku wa tarehe 27 Agosti mwezi ukapatwa. Anaxagoras alikuwa amekwisha kufundisha huko Athens kwamba mwezi hupatwa kwa kuingia katika kivuli cha dunia, lakini askari wengi waliogopa, na waaguzi wakasema jeshi lingoje siku tisa mara tatu. Nicias alikataa hata kulizungumza shauri la kuondoka kabla ya siku hizo kwisha. Katika kungoja huko adui waliifunga bandari, wakayavunja majahazi. Jeshi likajaribu kukimbia kwa miguu. Nicias, akiwa mgonjwa, aliwatia moyo watu wake kwa kuwaambia kwamba maisha yake yote amewatumikia miungu kwa uaminifu na kuwatendea watu haki, kwa hiyo bado ana tumaini. Siku chache baadaye alikamatwa, akauawa. Mateka wapatao 7,000 walitiwa katika machimbo ya mawe yasiyo na kivuli, na kwa miezi minane kila mtu akapewa kama robo lita ya maji kwa siku, na vipimo viwili vya namna hiyo vya nafaka. Thucydides, ambaye si mwepesi wa kusifu, anasema kwamba katika Wayunani wote wa wakati wake, Nicias ndiye aliyestahili mno kutofikwa na mwisho kama huo.

Plato alikuwa mtoto wa kama miaka 14 habari hizo zilipofika Athens. Mwaka 399 K.K. alimwona mwalimu wake Socrates akihukumiwa kufa, na moja ya mashtaka yake ilikuwa kutowakubali miungu wa mji. Katika kitabu chake Jamhuri, Plato alitoa hukumu kali: mungu ni mwema kwa kweli, na aliye mwema hawezi kuwa asili ya uovu, kwa hiyo mungu ni asili ya mema tu, na uovu utafutiwe asili nyingine. Hageuzi umbo lake, hadanganyi, hanunuliwi kwa sadaka. Hadithi za Homer zisemazo vingine zisifundishwe kwa vijana. Tena katika kitabu kingine aliuliza swali ambalo nakuomba ulichukue uende nalo: je, tendo takatifu hupendwa na miungu kwa kuwa ni takatifu, au ni takatifu kwa kuwa wamelipenda? Ukichagua jibu la kwanza, iko mizani ambayo hata miungu hupimwa ndani yake. Ukichagua la pili, basi mapatano ya Zeus na Hera yalikuwa mema, kwa kuwa waliyapenda.

Mimi naona Plato alisema kweli juu ya mizani. Lakini kupiga marufuku tenzi ni dawa ya kuogofya, nayo sijui mwalimu gani angaliitii kwa moyo mweupe. Ni hao hao kina Homer waliomfundisha kijana wa Kiyunani kumlilia Hector, adui yake.

Epicurus, aliyekuja kukaa Athens yapata mwaka 306 K.K. na kufundisha katika bustani yake, alishika njia nyingine. Msomaji aliyesoma Matendo ya Mitume amewaona wafuasi wake wakibishana na Paulo. Alisema miungu wako, nao ni heri tupu. Na kiumbe aliye heri hana taabu wala hamtaabishi mtu, hana hasira wala upendeleo. Kwa hiyo hawaingii kabisa katika mambo yetu. Radi si silaha ya mtu. Kwa namna hiyo miungu walisafishwa kila doa, na bei ya usafi huo ilikuwa kwamba hakuna aliyebaki wa kumsikia mtu alapo usiku. Mtu aliyeponea machimbo ya Syracuse angaliweza kufarijika kwa kujua kwamba hakuna aliyemchukia huko juu. Sina hakika kama mamaye Myrtis angalifarijika.

Wala watu wa kawaida hawakuwafuata wenye hekima. Mwaka 420 K.K., tauni ikiwa bado inakumbukwa katika kila nyumba, watu wa Athens walimleta mjini mwao Asclepius, mungu wa uponyaji, kutoka Epidaurus. Karne moja baada ya tauni, hekalu la Epidaurus lilikuwa na mawe makubwa yaliyoandikwa habari za waliopona, kama 70 hivi, wagonjwa waliolala humo usiku wakamwota mungu. Mawe hayo yamepatikana, nayo yanasomeka. Habari mojawapo ni ya mtoto wa mji huo aitwaye Euphanes, aliyekuwa na ugonjwa wa mawe mwilini. Katika ndoto mungu alisimama mbele yake, akamwuliza atampa nini akimponya. Mtoto akasema atampa vifupa kumi vya kuchezea. Mungu akacheka, akasema atamponya. Kulipokucha mtoto akatoka nje, mzima.